Mtamba wa Kwenye Filamu

"Habari za mchana, watazamaji. Tunaanza na taarifa kutoka upande wa vitunguu, ambako dada mwenye gauni la njano anakaribia kuuziwa vilivyooza."

Efrazia aligeuka. Katikati ya mnada wa Katesh, kati ya marundo ya mitumba na moshi wa nyama choma, ilisimama runinga yenye miguu. Lilikuwa kasha la runinga ya zamani, yenye mgongo mkubwa, lililotolewa kioo na vyote vya ndani. Humo ndani kilikuwamo kichwa cha kijana. Chini ya kasha ilining'inia tai nyekundu juu ya fulana, na begani alikuwa ametupia shuka zito la Kibarbaig.

Efrazia alikumbatia mkoba wake kwa mikono miwili. Mama yake kule Tumati alimfundisha tangu utotoni: mnadani wezi hutembea wawili, mmoja anakuchekesha, mwingine anaingiza mkono.

"Vitunguu vyangu vinakuhusu nini?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Mtazamaji amekasirika, tunaomba radhi. Hebu geuza hicho cha chini, dada yangu."

Alikigeuza. Kilikuwa kimeoza.

"Wewe Gerald!" muuza vitunguu alifoka. "Hamisha hiyo runinga yako mbele ya biashara yangu!"

"Mwenzako yuko wapi?" Efrazia alimuuliza kijana.

"Mwenzangu yupi?"

"Anayeiba wakati wewe unachekesha."

Kasha likatikisika kwa kicheko. "Wewe unatoka Mbulu."

"Umejuaje?"

"Ungekuwa wa kwetu ungeniuliza kwanza nina ng'ombe wangapi. Ninyi Wambulu mnaanza na upekuzi."

Efrazia alitaka kununa, lakini mdomo ulimsaliti, akacheka. Alipofika mbali alifungua mkoba na kukagua. Kila kitu kilikuwamo. Hilo lilimtia shaka zaidi.

Efrazia alikuwa amemaliza chuo cha mifugo mwaka uliopita, na sasa aliuza dawa kwenye duka la dada Scolastica karibu na stendi ya Katesh. Alikuwa binti mwenye aibu. Mteja akimwangalia sana, yeye aliangalia chupa za dawa ya kupe. Kwa hiyo Gerald alipotokea dukani siku iliyofuata bila kasha, amechana nywele na kuvaa shati la mikono mirefu, Efrazia alisoma maandishi ya chupa moja kuanzia mwanzo hadi mwisho huku akimsikiliza.

"Natengeneza filamu," Gerald alisema. "Inaitwa Haijatangazwa. Ni habari za miaka mia moja ijayo, hapahapa Hanang. Wakati huo kitu ambacho runinga haijakitangaza hakijatokea. Mvua inanyesha, watu wamelowa chapachapa, wanaulizana mvua itaanza lini. Kuna baba mmoja runinga imesahau kumtaja. Majirani wanakuja kumpa pole mkewe. Mke anakaa matanga, na mume yupo mezani anaomba chumvi."

Efrazia alicheka mpaka chupa ikamponyoka.

"Hicho," Gerald alisema, akiinama kuiokota. "Hicho kicheko. Rudia tena."

"Kicheko hakirudiwi."

"Basi chakula cha mchana."

Walianza hivyo. Simu zilianza asubuhi kabla duka halijafunguliwa, zikaendelea wakati wa chai, zikarudi jioni anapokunja kanga zake zilizokauka.

"Malkia wa kupe, umeamkaje?"

"Usiniite hivyo, Gerald."

"Basi, mpenzi wangu uliyetangazwa."

"Nani kanitangaza?"

"Mimi. Nimemwambia bibi yangu Masakta. Huyo ndiye runinga ya ukoo."

Efrazia alijifunika uso kwa kanga ingawa hakuna aliyemwona. Lakini kulikuwa na jambo lililomkera kama jiwe dogo kiatuni. Kila aliposema neno zuri, Gerald alisema, "Rudia, rudia hivyohivyo." Na walipokaa pamoja, simu ya Gerald ililala mezani ikimwelekea yeye.

"Mwanaume anayekwambia rudia," Scolastica alisema akipanga mabomba ya sindano, "ama ni kiziwi, ama anakurekodi. Huyo wako anasikia vizuri?"

"Anasikia, dada."

"Haya. Mimi sijasema kitu."

Uso kwa uso Efrazia hakuweza kusema yaliyokuwa moyoni. Mchana mmoja wa mvua, duka likiwa tupu, alimtumia ujumbe wa sauti: "Gerald, mimi nakuogopa. Siogopi kwamba utaniacha. Naogopa kwamba ukiniacha, nitaendelea kukusikiliza." Aliutuma, akatamani kuufuta, lakini alikuwa amechelewa. Ulikuwa umeshasikilizwa.

Wiki iliyofuata Gerald alimwomba aigize bibi harusi. "Huhitaji kusema hata neno moja," alibembeleza. "Kwetu bibi harusi akifika kwa wakwe haingii tu. Anasimama langoni, kichwa chini, kimya, mpaka mama mkwe amtajie zawadi. Wewe na kimya mmeelewana tangu zamani, mpenzi wangu."

Walikwenda Masakta, kwenye boma la bibi yake, Bibi Juliana, ambaye alikuwa amekubali kuwa mama mkwe. Runinga za maboksi zilizofunikwa karatasi za kung'aa zilitundikwa kila mahali, hata shingoni mwa mbuzi. Mlima Hanang ulikuwa umevaa wingu. Efrazia alivikwa vazi la ngozi lenye shanga, zito na lenye harufu ya mafuta, akasimama langoni kati ya kuta mbili za miiba, kichwa chini.

Kwa jinsi Gerald alivyoandika, mama mkwe alitakiwa amwahidi bibi harusi runinga mpya. Bibi Juliana alifungua mdomo, akalitazama boksi aliloshikishwa, akalitupa chini.

"Bibi harusi haahidiwi sanduku," alisema. "Nakutajia mtamba wangu mwekundu, mwenye doa jeupe kwenye paji. Ingia, binti yangu."

Efrazia aliinua macho. Bibi hakuwa anaangalia kamera. Alikuwa anamwangalia yeye. Efrazia akaingia.

"Kata!" Gerald alipiga kelele, akicheka kwa furaha. "Bibi, umeua!"

Kila mtu alicheka, isipokuwa bibi.

Filamu ilionyeshwa Jumapili mchana kwenye ukumbi mmoja mjini Katesh, mapazia yakiwa yamefungwa. Efrazia alivaa gauni lilelile la njano na hereni alizonunuliwa na Gerald, akakaa karibu na Scolastica. Kwenye matanga ya mume anayeomba chumvi watu walicheka wakashika mbavu. Alipotokea yeye langoni, ukumbi ulinyamaza kwa heshima, na Scolastica akamfinya mkono.

Kisha hadithi ikageuka. Runinga ilikuwa imesahau kumtangaza bwana harusi, kwa hiyo ndoa haikutokea. Bwana harusi alikaa peke yake mbele ya runinga iliyozimika. Na kutoka kwenye runinga ile ikatoka sauti ya msichana, nyuma yake mvua ikipiga bati:

"Mimi nakuogopa. Siogopi kwamba utaniacha..."

Efrazia hakuelewa mara moja kwamba ile ni sauti yake. Alielewa pale Scolastica alipouachia mkono wake.

"Oooh!" ukumbi uliguna. Kijana mmoja nyuma aliigiza kwa sauti ya puani, "Nitaendelea kukusikilizaaa!" Ukumbi mzima ukaangua kicheko.

Gerald alimkuta nje, juani, anatembea haraka kuelekea stendi.

"Efrazia! Nilijaribu waigizaji wote. Hakuna aliyeweza kusema vile."

"Kwa sababu mimi sikuwa naigiza."

"Ndiyo maana nilichukua! Kilikuwa kitu cha kweli pekee kwenye filamu nzima. Nilidhani utafurahi."

"Uliniuliza?"

Gerald aligeuka kuangalia mlango wa ukumbi.

"Kila uliponiambia rudia," Efrazia alisema, na kwa mara ya kwanza alimtazama machoni bila kuinamisha kichwa, "alikuwa anasema nani? Gerald au mwenye kamera?"

Lingekuwa swali rahisi kama lingejibiwa upesi. Gerald alifungua mdomo, akatafuta neno. Efrazia aliona anavyotafuta, na aliwahi kumwona akitafuta hivyohivyo anapoandika maneno ya waigizaji. Alivua hereni, akamwekea mkononi, akaondoka.

Gerald alipiga simu, haikupokelewa. Alituma ujumbe wa sauti, ukafutwa bila kusikilizwa. Alikuja dukani, Scolastica akamwuliza ng'ombe wake anaumwa nini, na kama hana ng'ombe mgonjwa apishe wateja. Mvua zikaisha, mbaazi zikavunwa. Efrazia alisikia kwamba filamu inazunguka Babati na Singida. Wateja wengine walimtania kwa sentensi ile, naye akawapimia dawa kimya. Akawa anamshuku kila mtu aliyeshika simu.

Siku moja asubuhi namba ngeni ilipiga.

"Ni nani mwenzangu?"

"Bibi yako wa Masakta."

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Ng'ombe wako amezaa."

"Ng'ombe gani, bibi?"

"Yule niliyekutajia langoni."

"Bibi, ile ilikuwa filamu."

"Kamera ndiyo ilikuwa filamu. Mimi nilitaja ng'ombe. Wazee wetu waliotangulia walinisikia. Nitawaambia nini, kwamba nilikuwa naigiza?" Bibi alikohoa. "Ndama ni jike. Lakini kondo la nyuma halijashuka tangu jana asubuhi, na amekataa majani. Mwenye ng'ombe ni wewe. Njoo, au aoze."

Efrazia alikata simu akiwa na hasira. Ni sehemu ya pili, alifikiri. Wamejificha kwenye miiba, wamewasha kamera, wananingoja nilie.

"Na kama ni kweli?" Scolastica aliuliza.

"Si kweli."

"Sawa. Mbona unapakia glavu?"

Alipanda bodaboda na sanduku lake la dawa. Lango la boma lilikuwa lilelile. Alisimama nje, akachungulia kila upande wa uzio.

"Zimeni kamera kwanza!"

"Kamera ipi?" Bibi Juliana alitokea na fimbo yake. "Ng'ombe anaumwa, wewe unaongea na miiba."

Zizini alimkuta mtamba mwekundu mwenye doa jeupe kwenye paji, kichwa kimeinama, na kando yake ndama ambaye hajalambwa, akitafuta chuchu. Aliyeshika kamba alikuwa Gerald, amekonda, gumboti zimejaa samadi. Efrazia hakumsalimu.

"Nani amefunga jiwe kwenye kondo?"

"Mimi," Gerald alijibu. "Ili livute."

"Lifungue kabla hujamuua."

Alilifungua. Efrazia alipima joto, akavaa glavu ndefu, akafanya kazi taratibu bila kuvuta kwa nguvu, kisha akachoma sindano. Mikono yake haikuwa na aibu hata kidogo. Mchana ulipogeuka, ng'ombe alijisukuma mwenyewe, kondo likashuka, akaanza kumlamba ndama. Bibi alitema mate ya baraka, akaenda kuandaa chai ya maziwa.

"Simu yako iko wapi?" Efrazia aliuliza akinawa.

"Bibi ameificha. Alisema ukiiona utageuka urudi zako."

"Ameificha wapi?"

"Nikijua, itakuwa haijafichwa." Hakucheka. "Efrazia, ile sauti nimeitoa. Bwana harusi anakaa mbele ya runinga na hasikii kitu, kimya mpaka mwisho. Babati walipiga mluzi wakidhani spika imekufa. Singida walitaka kunipiga."

"Na kwa nini hukuweka sauti nyingine?"

"Haikuwepo."

Aliangalia gumboti zake. "Uliniuliza ni nani aliyekuwa anasema rudia. Sijui kupanga jibu. Mara nyingine alikuwa mwenye kamera, sitakudanganya. Ila siku uliyotuma ule ujumbe niliusikiliza mpaka betri ikaisha, na siku hiyo nilikuwa sijafikiria filamu."

Lilikuwa jibu baya. Mtu anayeigiza angesema lenye asali zaidi. Efrazia alilitazama kama alivyotazama kile kitunguu, akaligeuza chini juu, na hakuona palipooza.

Walikunywa chai. Kisha alifunga sanduku, akamuaga bibi, akatoka nje ya lango. Gerald alimfuata kwa macho, mikono imelegea, kama mtu anayeona basi linaondoka.

Hatua chache nje Efrazia aliweka sanduku chini. Aligeuka, akarudi langoni. Alivuta kanga kichwani, akainamisha uso, akasimama pale kati ya kuta mbili za miiba, kimya.

"Umesahau kitu?" Gerald aliuliza.

Kimya.

"Ni dawa? Ni pesa ya bodaboda?"

Bibi Juliana aligonga fimbo chini. "Mjinga wa watu! Mimi nilishataja ng'ombe. Sasa anakungoja wewe."

Gerald alikaribia lango.

"Nakutajia mshenga," alisema. "Atakwenda Tumati kwa baba yako, akiwa na maneno na asali. Na mimi nakutajia kwamba neno utakaloniambia mimi litabaki kwangu. Ingia, Efrazia. Niolee... yaani, nikuoe. Tafadhali."

Chini ya kanga, Efrazia alizungusha macho mara ya mwisho kwenye uzio, mwiba kwa mwiba. Hakuona kioo chochote kinachong'aa. Aliona kuku wawili na Gerald, mwenye samadi hadi magotini, akilia bila kujifuta.

"Rudia," alisema. "Sijaamini."

Gerald akarudia, na safari hii alikosea maneno mengi zaidi.

Efrazia akaingia.