Usiitike, Delphine

Mambo yalianza kuharibika kwa kitu kidogo sana: Mama Angèle alimwita bintiye Cathy, na binti akaitika.

Delphine, mgeni wao asubuhi hiyo, akaweka kikombe chini. Huyo binti hakuwa Cathy hata siku moja. Alikuwa Delphine kama yeye, na urafiki wao wote ulizaliwa na jina hilo. Siku ya kwanza chuoni, mgeni katoka Kigoma, hajui mlango wala dirisha, mwalimu akaita "Delphine!" wakasimama wawili. Darasa zima likacheka, na tangu hapo hawakuachana. Kule Likasi, mji wa shaba chuo kilipo, wajina huitwa majina, tena si mtu wa kupungiana naye mkono njiani tu. Wajina ni wewe mwenyewe katika mwili mwingine. Mama yake ni mama yako, sahani yake ni sahani yako. Basi waliitana Majina, na sisi huyu mwenyeji tumwite hivyo hivyo tusije tukachanganyikiwa.

"Cathy ndiye nani tena?" Delphine akauliza kwa kicheko.

Mama Angèle aliinamia sufuria, uso hakuuleta. "Ah, ni jina ya kanisa tu. Kunywa chai, mwanangu. Leo munaenda mbali."

Kweli, ilikuwa siku ya matembezi. Tangu aje kusoma, Delphine alikuwa hajauona mji wenyewe, na Majina alimwahidi kumwonyesha Likasi yote, ya zamani na ya sasa. Papa Constantin, baba wa nyumba, aliendesha jeep mwenyewe. Mtu huyu juzijuzi tu alikuwa akichimba shaba Kambove na viatu vilivyotoboka. Sasa ana gari, ana nyumba, ana vijana wanaomchimbia. Delphine alidhani ni bidii. Na kwa nini asidhani?

Wakaona stesheni ya reli, wakapita chini ya baraza ndefu za maduka ya Wabelgiji, wakaingia kwenye jumba la makumbusho ya mawe, ambako malakiti, lile jiwe la shaba, ilikuwa na kijani kibichi kama sombe ya majani ya muhogo. Delphine alipiga picha mpaka simu ikapata joto. Alikuwa na furaha, maskini. Kitu kimoja tu kilimkwaruza: Papa Constantin, ambaye mezani hutamka maneno mawili, siku hiyo hakunyamaza. "Delphine, angaria kule! Delphine, simama hapa! Delphine, cheka!" Tena kwa sauti ya juu, kama mtu anayenadi mbuzi. Bintiye hakumwita hata mara moja.

Alasiri wakafika ziwa la Tshangalele. Wavuvi walikuwa wameshaondoka. Papa Constantin alibaki ndani ya gari, akapandisha vioo.

"Twende karibu," Majina akamwambia, akamshika mkono. Kiganja chake kilikuwa na jasho. "Huku mugeni anajipresenta kwa mayi. Ni coutume, desturi ya huku. Unanawa, unasema jina yako. Kiisha wakikuita, unaitika."

"Na wewe ulishalisema lako?"

Majina alitazama viatu vyake. "Yangu banaiyua," akasema, maana yake wanalijua.

Delphine akainama, akanawa, akasema, "Mimi ni Delphine." Maji yalitulia tuli. Pakanuka tope na shaba, ile harufu ya sarafu iliyoshikwa na mkono wenye jasho. Halafu sauti ya mwanamke, karibu kabisa na kidevu chake, kutoka chini, ikasema: "Delphine."

Mtoto aliyelelewa Kigoma akiitwa huitika. Ulimi ulitangulia akili. "Abee," akasema.

Alipogeuka, Majina alikuwa ameshafika kwenye gari.

Wakarudi mjini. Majina alikaa mbele na baba yake. Delphine alikaa nyuma peke yake, na kiti cha pembeni yake kililowa, kikazidi kulowa.

Walimshusha kwenye chumba alichopanga kwa Mama Christiane, mjane wa Kambove, mwanamke wa maombi. Jioni iliingia na umeme ukakatika. Delphine alikuwa akitafuta kiberiti aliposikia nyayo za majimaji barazani, chapa, chapa, zikasimama mlangoni, na sauti ikamwita kwa jina, kwanza sauti ya Majina, ile ya utani ya kila siku, kisha sauti ya mwalimu, kisha, Mungu wangu, sauti ya mama yake mzazi aliye ng'ambo ya ziwa Tanganyika, ikimbembeleza kama zamani alipokuwa na homa, Delphine, Delphine mwanangu, na maji yakaanza kupenya chini ya mlango yakitafuta miguu yake, na harufu ile ya shaba ikamjaa kooni mpaka akafungua mdomo, na ile "abee" ilikuwa imeshafika kwenye meno.

Mkono ukamziba mdomo. Ni Mama Christiane, kaingia kwa mlango wa uani.

"Usiitike!" akanong'ona. "Uliitika kule kwa mayi?"

Delphine akatikisa kichwa kukubali.

"Ile ya kwanza ni ya kukuyua. Ya pili ni ya kukukamata. Nani alikupeleka?"

"Majina wangu. Na baba yake, Papa Constantin."

Mama Christiane alifumba macho. "Eh, Yesu. Ule muntu alipewa shaba na Mamba Muntu, ule mwanamuke wa mayi. Kambove yote inayua. Alilipa na mutoto yake: alitaja jina. Sasa anatafuta mwingine mwenye jina hiyo, wa kutoa pahali pake." Akaanza kuomba kwa sauti ya chini, kamshika Delphine mabega. Nyayo zikarudi nyuma kidogo, lakini hazikuondoka. "Inangoja tu kinywa ya kuitika. Funga yako."

Lakini moyo wa mtu aliyesalitiwa hautulii. Delphine alichomoka, akaenda mbio hadi kwa akina Majina, mitaa miwili tu kutoka pale, na kitu kikimfuata nyuma, chapa, chapa. Majina alikuwa amesimama getini, kama aliyekuwa akimngoja.

"Ulijua?" Delphine akauliza.

"Niliyua."

"Tangu lini?"

Majina alilia kabla ya kujibu. "Tangu siku ile mwalimu aliita jina, tukasimama wawili."

Kumbe! Sahani zote zile, kusukana nywele, kulala kitanda kimoja wakati wa mvua, vyote vilikuwa kunenepesha kuku wa sikukuu. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Hawakusema kuwa kitakusuka nywele kwanza.

"Papa alitaja jina tu," Majina akanong'ona. "Jina haina sura. Mie nilitaka kuishi, Majina. Ju ya nini nisitake?"

Nyuma yake Delphine alisikia maji yakidondoka. Akajua la kufanya. Kuita tu. Delphine! Na huyu, aliyeitwa hivyo tangu kuzaliwa, angeitika bila kufikiri. Jina lilikuwa pale ulimini, zito, chungu. Alimtazama yule aliyekuwa yeye katika mwili mwingine, akalimeza. Akageuka aende zake, akilia.

Ndipo Mama Angèle alipotoka na tochi. Mwanga ukapita juu ya Delphine, ukaangukia kilichosimama gizani kando yake, na mama wa watu akasahau kanisa, akasahau Cathy, akapiga ukelele wa mama yeyote:

"Delphine! Kimbia, mwanangu! Delphine!"

"Mama!" Majina akaitika.

Baridi ikapita ubavuni mwa Delphine, ikaelekea getini. Hakugeuka. Alisikia geti likigonga, kisha sauti kama ya ndoo kubwa ya maji iliyomwagwa, kisha kimya.

Hakuna aliyemfuata tena. Hadi anafika kona, alikuwa bado akimsikia Mama Angèle uani, na tochi yake, akiita Cathy, Cathy, Cathy, jina ambalo halikuwa na mwenyewe.