Maktaba Haina Mlango wa Nyuma

Kila Jumatano, baada ya chakula cha mchana, Joanitha alikimbia kufungua maktaba ya shule yao huko Ijumbi, wilayani Muleba. Alikuwa darasa la sita, na ndiye kiongozi wa wanafunzi wakutubi. Ufunguo aliuvaa shingoni kama rozari. Akishatandika mkeka wa watoto wadogo, aliketi kwenye meza ya kuazimisha vitabu, akajiona mkubwa kama mwalimu mkuu.

Mkutubi mwenzake aliitwa Felicitas. Wazazi wake walitoka Burundi kuja kufanya kazi katika mashamba ya kahawa, naye mwenyewe alizaliwa hapohapo Ijumbi. Lakini tangu achaguliwe, hakuwahi kukikalia kile kiti. Joanitha alimpa fagio na kitambaa cha kufutia vumbi, basi. Si kwamba alimchukia. Aliona ndivyo dunia ilivyo: vibarua waliotoka ng'ambo ya mpaka, tangu alipopata akili, aliwaona wakipita mlango wa nyuma.

Siku moja Felicitas akauliza zamu yake ya mezani itafika lini. Kamala, mvulana aliyekuwa akingoja kuazima kitabu, akadakia, "Huyu akikaa hapo atatuandika majina kwa Kirundi." Watoto wakacheka. Joanitha naye, badala ya kumkemea, akasema, "Felicitas, mezani anakaa mtu wa hapa."

Felicitas alikikunja kitambaa vizuri, akakiweka mezani, akaondoka.

Jumatano iliyofuata nusu ya mkeka ilikuwa tupu. Watoto wadogo wa vibarua hawakuja, maana Felicitas ndiye aliyekuwa akiwashika mkono mlangoni na kuwatafutia kitabu. Joanitha alifuta vumbi mwenyewe, akapiga chafya mpaka machozi yakamtoka. Moyo ukaanza kumsuta.

Jioni ile mama yake Felicitas akafika kwa akina Joanitha, akasimama mlango wa nyuma, wa jikoni, kitabu mkononi. Alieleza kwa upole kwamba binti yake amekataa kukirudisha mwenyewe, anasema maktaba si ya watu kama yeye. Bibi yake Joanitha, Bibi Kokwijuka, aliisikia sauti ya mgeni akiwa sebuleni. Akaagiza akamwani, ile kahawa kavu ya kutafuna ambayo kila mgeni hupewa. Joanitha akaitia katika kijikapu, akamnyooshea yule mama palepale jikoni.

"Joanitha," Bibi akaita, "tangu lini akamwani ikatolewa jikoni? Mlete mgeni wangu."

Mgeni akaketishwa sebuleni, na Bibi mwenyewe akampa kijikapu kwa mikono miwili. Mgeni alipokwisha kuondoka, Bibi akamgeukia mjukuu wake.

"Kitendawili."

"Tega."

"Wageni wangu wamesimama wakinipa mgongo. Hawaniambii neno mpaka niwashike mkono."

Joanitha akatabasamu. "Vitabu rafuni."

"Umepata. Basi vitabu vilivyotoka mbali unavishika mkono kila wiki. Mwenzako aliyezaliwa hapa umemwacha amesimama."

Tabasamu likamfia Joanitha mdomoni.

Asubuhi alipitia kwao Felicitas kabla ya kwenda shule. Alimwambia, "Nilikukosea. Zamu ya mezani ni yako."

"Na Kamala akinicheka?"

"Atacheka na mimi nipo."

Jumatano Felicitas akaketi mezani, na mkeka ukajaa tena. Kamala akaja na kitabu chake, akauliza, "Leo tunaandikwa Kirundi?"

Joanitha akafungua mdomo kumkemea, lakini Felicitas akamtangulia. "Jina lako fupi, Kamala. Kwa lugha yoyote litaenea. Leta kitabu." Watoto wakaangua kicheko, na Kamala mwenyewe akashindwa kujizuia.

Mwalimu Rutashobya, msimamizi wa maktaba, alikuwa amesimama mlangoni. Akawaambia kwamba kuanzia siku ile meza na fagio vitakwenda kwa zamu, bila kuruka mtu.

"Kazi ya ukutubi haiulizi kabila la mtu, rangi yake, wala wazazi wake walitoka wapi," alisema. "Inauliza kama unatunza kitabu na kama unampenda msomaji. Nyumba zetu zina mlango wa nyuma, wanangu. Maktaba ina mmoja tu, na sote tunapita huohuo."

"Ndiyo, Mwalimu," akaitika Joanitha, kitambaa cha vumbi mkononi. Kisha akapiga chafya.