Kilio Nyuma ya Mlango

Haya alinisimulia mwenyewe, mshonaji wa mtaa wetu, Jumamosi iliyopita nilipompelekea gauni langu alipunguze kiuno. Alinipima huku machozi yanamtoka, mpaka pini zikawa zinamchoma vidole. Nami nayasema kama alivyoyasema. Chumvi sikuongeza, yenyewe yamekolea.

Ilikuwa mchana wa Jumapili, ndani ya ukumbi wa sinema, na watu walikuwa wanatoka mbio.

"Nipisheni! Nipisheni, natapika!"

"Katapike huko nje, mama, usinimwagie mimi!"

"Yaani nimetoka nyumbani nije kutazama mlango?"

Maana ndivyo ilivyokuwa. Kwenye skrini palikuwa na mlango wa mbao uliofungwa, basi. Kamera imeukodolea, haisogei. Hakuna muziki. Nyuma ya mlango mwanamke anapigwa. Anayepiga humwoni, anayepigwa humwoni. Unasikia kofi, kiti kinaanguka, kichwa kinagonga ukuta, halafu kilio. Kinakatika, unashusha pumzi, kinaanza upya. Kijana mmoja safu ya mbele alicheka kwa woga, mwenzake akamwambia nyamaza, mshenzi wewe. Mzee mmoja alisimama na bakora yake akaifokea skrini:

"Fungueni huo mlango! Hakuna mwanamume humo?"

Mshonaji alikuwa amekaa na dada yake, na shemeji yake, mume wa dada, dereva wa lori, mtu wa kifua. Walialikwa na mchumba wa mshonaji, kijana ambaye mtaa mzima unamwita Masikio. Kazi yake ni kutengeneza sauti za sinema. Ile ngumi unayoisikia si ngumi, ni Masikio anapiga kabichi kwa rungu. Mfupa ukivunjika, ni yeye na karoti mbichi. Alikuwa amepanga chumba kilichogusana ukuta na nyumba ya dada, na hapo ndipo mshonaji alipomwona, siku za kwenda kumsalimia dada yake. Posa ilishapokelewa, harusi ilikuwa mwezi unaofuata. Siku hiyo alitaka wakwe waone kazi yake.

"Huyu mwigizaji naye kazidisha," shemeji alinong'ona huku akitafuna njugu. "Mwanamke akipigwa kweli halii hivyo."

Kilio kikaja tena, kirefu, kikakatwa na kwikwi tatu, halafu sauti nyembamba kama ya kitoto. Mshonaji akazitambua. Kwikwi zile alikua nazo. Yeye na dada yake walilala kitanda kimoja tangu wadogo.

Akageuka. Dada yake alikuwa ameushika mkono wake wa kulia, ule uliovunjika wakati wa mvua ukafungwa plasta, naye akasema aliteleza bafuni.

"Dada? Huyo ni nani?"

"Ni mimi," dada akajibu taratibu, kama mtu anayeitikia jina lake hospitalini. "Huyo ni mimi, mdogo wangu. Ni siku ile ya mkono."

Simu ya mshonaji ikatetemeka mapajani. Meseji ya Masikio, kutoka chumba cha juu walikokaa watu wa sinema:

"Mpenzi umesikia hapo mlangoni? Hiyo ndiyo kazi yangu kubwa. Watu wanalia! Mwongozaji amenikumbatia."

Kabla hajamaliza kuisoma mara ya pili, njugu zilimwagika chini. Shemeji alikuwa amesikia.

"Umesema nini wewe?"

"Mume wangu, sijasema kitu."

"Umenirekodi? Umenipeleka kwa watu wa sinema mimi?"

"Wallahi sijui imefikaje—"

Ngumi ikamkuta mdomoni. Ya pili ikamkuta anaanguka kati ya viti. Shemeji akamkamata nywele, akakigonga kichwa chake kwenye chuma cha kiti, mara moja, mara mbili. Na wale watazamaji, Mungu awasamehe, wakadhani ni sehemu ya onyesho!

"Wamepanga hawa! Sinema ya kisasa hii!"

"Sogea basi, nipige picha!"

Mtu akapiga makofi. Juu kwenye skrini mwanamke analia, chini sakafuni mwanamke yuleyule analia, sauti moja inatoka sehemu mbili.

Mshonaji akamrukia shemeji mgongoni, akamng'ata bega mpaka akaonja damu. Kiwiko kikamrudi, jino likatoka. Ndipo yule mzee wa bakora akaona damu inatiririka chini ya viti.

"Wajinga ninyi! Damu hii ni ya kweli!"

Akaishusha bakora kwenye mgongo wa shemeji hadi ikakatika. Masikio naye akashuka ngazi mbio, spika za masikioni zimemning'inia shingoni, akajitupa miguuni mwa shemeji. Alipigwa teke la uso, akang'ang'ania. La pili, akang'ang'ania. Mpaka taa zikawashwa, polisi wakaingia, bado alikuwa ameikumbatia ile miguu kama mtoto.

Hospitalini dada akashonwa mdomo na kichwa. Mshonaji akakaa kwenye benchi la nje, pamba imejaa mdomoni. Masikio akaja, jicho limevimba, akakaa kwa mbali kidogo.

"Ile sauti uliipata wapi?" mshonaji akauliza.

"Nilikuwa narekodi mvua. Mvua juu ya bati, nilitakiwa niipeleke. Mashine ilikuwa imeshawaka."

"Kwa hiyo ulisikia yote."

"Yote."

"Ukafanya nini?"

Masikio akatazama viatu vyake.

"Nakuuliza, ukafanya nini?"

"Nilibana pumzi."

"Ulibana pumzi?"

"Kazi yetu iko hivyo, mpenzi. Ukipumua karibu na mashine umeharibu. Mwili wangu umeshazoea. Nikisikia kitu kikubwa, naganda."

"Mkono wa dada yangu unavunjika, wewe unaogopa kuharibu?"

"Sikuwaza hivyo."

"Ukuta mmoja! Ungegonga hata kwa kiatu! Ungepiga hata kelele za mwizi! Kesho yake ulimwona?"

"Nilimwona. Akasema aliteleza bafuni."

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia pole."

Mshonaji akacheka, damu ikamtoka pembeni ya mdomo.

"Pole! Halafu ukaja kwetu ukala, ukaniita mke wangu, ukampa dada shikamoo, na kilio chake umekitia mfukoni!"

"Lakini leo nimepigana. Umeniona."

"Leo palikuwa na watu."

Simu ya Masikio ikaita, akaiweka spika. Alikuwa mwongozaji, sauti juu.

"Sikiliza, wametupenda! Wengine wamezimia, wengine wanatutukana, mji mzima unaongea! Polisi wakikuuliza, sema ni mwigizaji. Umenielewa?"

"Ninayo ile rekodi nzima," Masikio akasema. "Niliyokupa niliikata. Humo mwanamume anasikika, anamtaja mkewe kwa jina na anamwambia atamuua. Nawapelekea polisi."

"Una wazimu? Sinema itafungiwa!"

"Ifungiwe."

Akakata. Akanyanyuka kwenda kituoni, na alikwenda kweli, maana hiyo ndiyo iliyomweka shemeji ndani mpaka leo. Lakini kabla hajaondoka, mshonaji akavua pete.

"Usidhani sikupendi," akamwambia. "Nakupenda, na ndiyo inayoniuma. Ila siku nikipata uchungu wa kuzaa nikapiga kelele, nitajiuliza, huyu anakuja, au amebana pumzi? Siwezi kuishi na swali hilo kitanda kimoja."

"Nipe muda nibadilike."

"Badilika. Lakini usibadilikie kwangu."

Jioni, jua halijazama, wale ndugu wawili wakafika chumbani kwa mshonaji. Simu ya dada ikaita. Mama mkwe wake.

"Mwanangu, nenda kamtoe mumeo. Mambo ya ndani hayatolewi nje."

"Mama, yameshatoka," dada akajibu, nyuzi zinamvuta mdomo. "Mpaka tiketi watu walikata."

Akaizima. Wakacheka wote wawili, huku wanashika majeraha, kicheko kinauma kuliko kipigo. Mshonaji akasukuma vitambaa vya wateja, akamtandikia.

"Ile harusi?" dada akauliza.

"Haipo."

"Kwa ajili yangu?"

"Hapana, dada. Kwa ajili yangu."

Dada akampapasa kichwani kwa ule mkono uliounga vibaya. Dawa zikamchukua, akalala. Mshonaji akakaa anamtazama anavyopumua, kisha akalia kidogo, kwa ajili ya Masikio, kwa ajili ya gauni jeupe alilokuwa ameshalikata. Mwisho akajilaza pembeni ya dada yake, hata viatu hajavua, naye usingizi ukampitia.