Juisi Nyekundu na Mbao Fupi

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare, nilimenya bitiruti mbili na karoti, nikazisaga kwenye blenda, kisha nikakamulia limau. Juisi hiyo haikuwa yangu. Ilikuwa ya baba, aliyekunywa pombe jioni na kuamka akishikilia kichwa. Nilikuwa nimesoma kwenye kipande cha gazeti kwamba bitiruti ina antioksidanti, yaani kemikali zinazolinda mwili, na eti humwondolea mtu ulevi na uchovu wake wote. Nikaamini bila kuuliza mtu.

"Daktari wangu!" baba alisema kila alipomaliza glasi. "Bila wewe ningeshazikwa."

Mwanzoni nilivimba kichwa. Lakini kadiri nilivyosaga, ndivyo alivyozidi kunywa. Zamani alikunywa Jumamosi tu, sasa ikawa kila siku, na wenzake wakimwonya aliwajibu, "Kwani kesho daktari si yupo?" Vidole vyangu havikutakata tena, na darasani wakaniita Bitiruti. Nilimkasirikia baba, nikaikasirikia blenda, nikajikasirikia na mimi mwenyewe.

Baba alikuwa seremala. Shule ilimpa kazi ya kutengeneza rafu ya kuingia kati ya kuta mbili za darasa letu, maana vitabu vilikaa sakafuni vikiliwa na mchwa. Wazazi walichanga mbao. Mimi, kimbelembele, nikasimama mbele ya darasa na kuahidi, "Ijumaa mtaiona!"

Alhamisi baba aliamka na macho mekundu kuliko juisi yenyewe. Akainywa, akajipigapiga kifua, akaenda kuwasha msumeno wa umeme.

Niliporudi mchana nilimkuta ameketi chini. Shangazi, dada yake mkubwa ambaye ni muuguzi, alikuwa amesimama karibu naye. Ncha ya futi ya baba ya kupimia mbao ilikatika siku nyingi zilizopita, hivyo yeye huanza kupima kwenye sentimita kumi, kisha huongeza kumi mwishoni. Siku hiyo alisahau kuongeza. Alisahau mara sita. Mbao zote zilikuwa fupi.

"Lakini kichwa hakikuniuma, dada! Nilikunywa dawa!"

"Hiyo ndiyo hatari yenyewe," Shangazi alijibu. "Mboga ni chakula kizuri, lakini hakuna juisi inayofukuza pombe mwilini. Hiyo ni kazi ya ini, nalo huifanya taratibu, halisikii haraka ya mtu. Ulijiona mzima, kumbe pombe bado imo. Shukuru msumeno umekula mbao, haukula vidole."

Uvumilivu ukanishinda. "Kesho sisagi!" nilipiga kelele huku nalia. "Wala keshokutwa! Baba, nimechoka kuwa daktari. Mimi ni mtoto!"

Baba aliviangalia vidole vyangu vyekundu kwa muda mrefu.

Ijumaa alikuja darasani mwenyewe. "Binti yangu hakuwadanganya," aliwaambia wenzangu. "Mimi ndiye niliyekata mbao nikiwa na pombe kichwani. Naomba wiki mbili." Kutoka hapo Shangazi alimpeleka kliniki kuonana na mshauri wa watu wanaotaka kuacha pombe, na akaendelea kwenda.

Wiki mbili zilipoisha, rafu ilisimama kati ya zile kuta. Nafasi iliyopungua aliijaza kwa mbao nene mbili pembeni. Nilizitambua mara moja. Zilitoka kwenye meza ya uani, ile aliyokuwa akinywea na wenzake.

"Fundi, haya maduara ni ya nini?" mwanafunzi mmoja aliuliza, akigusa alama kwenye mbao.

"Alama za glasi zangu," baba alisema. "Makusudi sikuzipiga randa zifutike. Kinga ni bora kuliko tiba, wanangu. Pombe huzuiwa mdomoni. Ikishapita kooni, hakuna daktari wa kuikimbiza, hata akiwa binti yako mwenyewe."

Kisha akanipa kitabu cha kwanza, nikakipanga.