Kijani Kisicholingana

"Rangi imechuja," sauti ilisema simuni.

"Wapi?"

"Hapo hapo ulipo. Una dakika ishirini."

Simu ikakatwa. Kwa lugha yao ya siri, maana yake ujumbe wa magendo ulikuwa karibu kutumwa.

Ganzi alirudisha Nokia yake kuukuu mkobani, akaendelea kutazama kompyuta kana kwamba aliyepiga ni fundi bomba. Katika idara ya upelelezi walimpa jina hilo kwa sababu mkono wake haukuwahi kutetemeka. Miezi mitatu sasa alijifanya mchora grafu katika kampuni ya kuingiza dawa.

Kontena la sindano bandia lilikuwa limeshafika bohari ya forodha. Lingetoka lango lipi, saa ngapi? Idara ilijua jambo moja tu: dereva angepewa habari hizo kupitia wasilisho la saa nne asubuhi hii, linalotumwa kwa wageni wote waalikwa.

Maneno alishayapekua. Takwimu pia. Safi kama pamba.

Zikabaki rangi.

Kila rangi kwenye kompyuta ni namba tatu: nyekundu, kijani, bluu. Kijani cha nembo ya kampuni kilikuwa 20, 110, 70, na kila nguzo ya grafu ilipaswa kulingana nacho barabara. Akapima nguzo ya kwanza. 20, 110, 70. Ya pili, vilevile.

Ya tatu: 23, 116, 70.

Zimeongezwa tatu. Zimeongezwa sita.

Lango la tatu. Saa sita mchana.

Akanong'ona kwenye kipaza sauti kilichofichwa katika kifungo cha blauzi. "Lango la tatu, saa sita."

"Walinzi wa pale wamenunuliwa wote," sauti ikamjibu kwenye kisikizi kidogo sikioni. "Tukisogea tu, watawatonya wenye mzigo."

"Lango gani ni letu?"

"La tano."

Akafuta 23. Akaandika 25.

"Dada, nguzo hiyo usiiguse."

Brashi, mkuu wa michoro, alikuwa amesimama nyuma yake. Mtu mpole. Mgongo ulipomsumbua Ganzi, ni yeye aliyemletea mto wa kiti kutoka kwake nyumbani.

"Naona kama hailingani na nembo, kaka."

"Nimeipima mwenyewe. Iache kama ilivyo."

Akainama mpaka pumzi yake ikagusa shingo ya Ganzi. Akaikodolea macho nguzo. Miaka ishirini ya kazi ya rangi, na jicho lake halikuona tofauti ya namba mbili.

"Wageni wameketi!" mtu akaita ukumbini.

Brashi akanyoosha kidole, akabonyeza kitufe cha kutuma. Mwenyewe.

Saa sita na dakika nne, sikio likanong'ona: "Lori limenasa lango la tano. Dereva yuko chini ya ulinzi. Sindano elfu arobaini."

Brashi naye alikuwa amepata simu yake. Rangi ikamtoka usoni. Akavuta droo.

Bastola ya Ganzi, Walther, ilikuwa imeshamwelekea kifuani.

"Mikono mezani, kaka."

Akaiweka mezani.

"Dada, nina watoto."

"Dada yangu alikuwa naye mmoja. Mtoto alikuwa na homa, wakamdunga sindano kama hizo zenu. Ilikuwa maji matupu."

Brashi akafumba macho.

Ganzi alisubiri. Alidhani hasira ingekuja, au hata furaha kidogo. Haikuja. Ilikuwa kama kubonyeza shavu baada ya kung'olewa jino: unajua ni lako, lakini hulisikii.

Maofisa wawili wakaingia na pingu.

"Kazi safi," sikio likasema. "Uko salama?"

"Niko salama."

Akazima kompyuta, akachukua mkoba, akashuka ngazi. Akamuaga mhudumu wa mapokezi kama kila siku. Nje, jua likichoma, akasimama ukingoni mwa barabara na kumpigia dada yake.

"Tumewakamata."

Kikafuata kilio, kirefu, cha mtu aliyekibana mwaka mzima.

Ganzi alikisikiliza mpaka kikaisha. Akatazama kulia, akatazama kushoto, akavuka.