Mtungi wa Mjomba Nestori

"Nyuki wamehama," ilisema sauti ya Ngollo, mkuu wake wa kazi, kutoka Dodoma. "Uko wapi?"

"Nyuma yao, Mkuu."

"Umbali?"

"Nakula vumbi lao."

Jeska Irakoze alikata simu na kukaza mkono kwenye pikipiki yake ya Boxer. Mbele yake lori la Fuso lilikuwa limetoka Kigwa likielekea Tabora mjini, sambamba na reli, katika njia ileile ambayo zamani misafara ilipita na pembe za ndovu na watu waliofungwa shingo. Lori hili lilibeba mizinga ya nyuki. Mizinga ya kisasa ya mbao, mipya, imepakwa rangi ya njano. Mizinga mitupu ni myepesi. Mtoto anabeba mmoja kichwani. Lakini springi za Fuso zilikuwa zimelala kabisa, na hilo ndilo lililomtoa Jeska kitandani asubuhi ile.

Alikuwa amebakiza mita mia pikipiki nyekundu ilipochomoka porini.

Ilikuja ubavuni mwa lori, upande wa dereva. Aliyeiendesha alivaa helmeti nyeusi. Alinyoosha mkono dirishani kama mtu anayetoa salamu.

Mlio mmoja.

Fuso likaacha njia, likapanda tuta la reli, likalala chali. Jeska alichomoa bastola yake ya Glock na kufyatua mara mbili. Risasi ya kwanza ilikwenda hewani. Ya pili ilivunja taa ya nyuma ya ile pikipiki, na pikipiki ikazama kwenye miti.

Angeweza kuifuata. Hakuifuata, kwa sababu dereva alikuwa bado anapumua.

Aliitwa Marko, mkazi wa Isevya, na alikuwa na tundu chini ya sikio. Alimshika Jeska mkono akamwomba amwambie mkewe, Veneranda, kwamba yeye alijua anabeba mizinga tu. Alisema hivyo mara mbili, kisha akanyamaza. Jeska alimfumba macho. Alikuwa ameona maiti nyingi katika kazi hii ya ujasusi, lakini huyu alimuuma, maana alikufa akijitetea kwa mtu ambaye hata hakumshtaki.

Alivunja mzinga mmoja kwa jiwe. Chini ya sakafu ya kwanza kulikuwa na sakafu ya pili. Kati ya hizo mbili zililala bunduki aina ya AK, zimefunguliwa vipandevipande, zimepakwa grisi na kuvikwa nailoni.

Kwenye mfuniko kulikuwa na maandishi mazuri kabisa: ZAWADI YA MHESHIMIWA SHILINDE KWA WAFUGAJI WETU.

Jeska alilijua jina lile.

Wiki mbili nyuma picha moja ilizunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya ukoo. Mheshimiwa Zablon Shilinde, mwenyekiti wa kamati ya ardhi, kavaa kofia ya nyuki, anacheka meno yote thelathini na mbili, anamkabidhi mzinga wa njano mzee mmoja wa Ulyankulu. Mzee yule alikuwa Nestori Nibitanga, kaka wa marehemu mama yake Jeska. Ndiye aliyemlea.

Alimpigia Ngollo na kumweleza. Ngollo akamwambia asilolijua: kesho, baada ya misa, Shilinde anakwenda Ulyankulu na askari na waandishi wa habari. Eti raia wema wametoa taarifa kwamba watu wenye asili ya Burundi wanaficha silaha. Zikipatikana, atasimama mbele ya kamera kutaka wavuliwe uraia na eneo lao lote liondolewe watu.

"Mimi nazitoa leo," Jeska alisema.

"Ukizitoa leo atazipanda kwingine mwezi ujao. Na ukiziacha bila mtu wa kusema zimetoka wapi, ni za mjomba wako. Niletee mdomo, Jeska. Mdomo unaosema."

Jeska aliwasha Boxer.

Alifika Ulyankulu jua likianza kulegea, amevaa kitenge na kujifunga kilemba, helmeti kaificha kwenye mashamba ya tumbaku. Shingoni alikuwa na rozari, na ndani ya msalaba wa rozari ile mlikuwa na maikrofoni isiyozidi punje ya mtama. Ngollo alikuwa upande wa pili, anasikiliza.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mwanangu. Umekonda. Huko mjini hamli?"

Mzee Nestori alikuwa uani peke yake, anapanga viti kuzunguka mtungi kabla majirani hawajafika. Ilikuwa Jumamosi, na Jumamosi jua likipoa majirani walikuja kwake kunywa pombe ya mtama. Walikuja tangu Jeska akiwa mtoto. Mtungi mmoja, mirija mirefu ya majani, watu ishirini. Wanaogombana shambani walilazimika kuinamisha vichwa mahali pamoja, na mara nyingi ugomvi uliishia hapo.

Mzee alifika Ulyankulu akiwa mtoto wa kubebwa mgongoni, mkimbizi kutoka Burundi, mwaka sabini na mbili. Cheti chake cha uraia alikitia kwenye fremu, akakitundika chini ya picha ya Bikira Maria, na kila mgeni alionyeshwa vyote viwili.

Jeska aliuliza habari za mizinga. Mzee alifurahi. Ishirini, alisema, na wala hawakutoka jasho, vijana wa mradi wa Mheshimiwa waliibeba na kuitundika wenyewe juu ya miti, wao kazi yao ilikuwa kupigwa picha. Na hakuna aliyeigusa tena. Nani anafungua mzinga mpya? Unaacha mpaka nyuki waingie, wajenge, ndipo unakwenda na moshi. Ukiuchungulia mapema wanakukimbia.

Hilo Shilinde alilijua. Au kuna aliyemwambia.

"Kijana wa mradi anakuja kuiangalia," mzee aliendelea. "Aleksi Irambona. Mtoto wetu kabisa, wa kule Urambo. Kirundi chake kimenyooka kuliko chako wewe."

Hakumaliza kusema, pikipiki ikaunguruma njiani.

Nyekundu. Taa ya nyuma imevunjika.

Kijana alishuka na tabasamu, akamwamkia mzee kwa adabu zote, akamuuliza hali ya goti lake kwa Kirundi safi. Alikuwa na miaka kama thelathini. Kwenye shingo alikuwa na mchubuko mpya wa miiba. Jeska aliitazama mikono yake na kumkumbuka Marko, na alitaka kumpiga risasi palepale kwenye kiti cha mjomba. Alijizuia. Maiti haisemi.

Badala yake aliinuka kama binti wa nyumbani na kuanza kukoroga mtungi.

Katika nyumba za watu hawa kuna jambo moja ambalo hakuna anayelifundisha kwa maneno. Mwenye nyumba hunywa kwanza. Anavuta mrija mbele ya macho ya wote, anameza, ndipo mgeni anapewa. Ni namna ya kusema kwamba mtungi wangu hauna sumu. Mtoto wa miaka mitano anajua kusubiri. Mlevi wa kupindukia, mikono inamtetemeka, anasubiri.

Mzee Nestori aliinamia mtungi. Jeska akaushika mrija kabla yake.

"Mgeni kwanza, mjomba."

Mzee alimkodolea macho. Jeska hakumtazama. Alimpa kijana mrija kwa mikono miwili.

Kijana akasema asante. Akanywa.

Alikunywa mikupuo mitatu mizuri, kwa kiu ya mtu aliyekula vumbi tangu asubuhi. Alipoinua kichwa alimkuta mzee amekaa wima, uso umekauka.

"Huyu si mtoto wetu," mzee alisema polepole.

Jeska alikuwa amepanga kuishia hapo, amwoneshe mjomba ni mtu gani anayemkaribisha, kisha atoe bastola. Lakini aliona macho ya kijana yakitoka kwa mzee kwenda kwenye mtungi, kutoka kwenye mtungi kwenda kwake. Macho ya mtu anayekumbuka kitu alichokwisha kukisikia mahali. Jeska akaona mlango umejifungua, akaingia bila kufikiri mara mbili.

"Kwetu mwenye nyumba anaonja kwanza," alisema. "Umejiuliza kwa nini mimi nimemzuia?"

Kijana alishika shingo yake.

"Pale relini ulimpiga Marko chini ya sikio. Yeye alikwenda haraka. Wewe una kama nusu saa."

Mkono wa kijana ulikwenda kiunoni. Glock ilikuwa imeshatoka chini ya kitenge.

"Ukisimama, moyo unakwenda mbio na sumu inakwenda nayo. Kaa. Dawa ninayo. Nani alikutuma?"

Jasho lilimtoka. Kwanza alimtukana. Halafu alisema tumbo linaanza kuwaka. Halafu akaanza kulia, na kutoka hapo hakunyamaza.

Jina lake lilikuwa Deus. Kirundi alikijua kwa kupigana vita vya watu wengine, kwa malipo, ng'ambo ya mpaka. Marko alimuua, alisema, ili asije akamtaja aliyempakia mizinga. Alimtaja Shilinde kwa jina lake na cheo chake. Alimtaja mgeni aitwaye Kessel, anayetaka ardhi yote ya Ulyankulu bila mtu juu yake, na aliyelipia bunduki. Kesho yeye Deus alikuwa asimame mbele ya kamera, aseme ni mtoto wa Warundi, amechoka kuficha siri, aelekeze askari kwenye miti. Baada ya wiki malori yangekuja kupakia watu.

"Dawa," alisema. "Nimesema yote. Nipe dawa."

Jeska aligusa rozari. "Umepata, Mkuu?"

"Nimepata," sauti ndogo ilijibu kwenye kisikizi alichokificha chini ya kilemba. "Vijana wangu wako dakika kumi kutoka hapo."

"Dawa!"

"Dawa ya nini?" Jeska alimfunga pingu. "Hiyo ni pombe ya mtama."

Deus alimtazama, akautazama mtungi, akatapika hata hivyo.

Usiku huohuo mizinga ishirini ilishushwa. Kessel alikamatwa kiwanja cha ndege cha Tabora, mkononi ana tiketi. Msafara wa kamera haukuondoka. Ulyankulu ililala na kuamka palepale ilipokuwa.

Mengine yalikwenda kama yanavyokwenda nchini kwetu. Jumatatu ilitolewa taarifa kwamba Mheshimiwa Shilinde amejiuzulu kwa sababu za kiafya, na anashukuriwa kwa utumishi wake uliotukuka. Jeska alipofoka kwenye simu, Ngollo alimwambia kesi ya mkubwa inakwenda taratibu. Hakusema inakwenda wapi. Marko aliandikwa kuwa amekufa kwa ajali ya barabarani. Jeska alipita Isevya akamwambia Veneranda ukweli, kinyume cha amri, akakaa naye mpaka machozi yalipopungua.

Jumamosi iliyofuata alirudi kwa mjomba.

Viti vilikuwa vimepangwa. Mtungi ulikuwa umejaa, mirija imesimama ndani yake. Jua lilikuwa limepoa kitambo.

Hapakuwa na mtu.

"Wamechelewa?" Jeska aliuliza.

Mzee Nestori alitikisa kichwa. Deus alipiga kelele nyingi siku ile, alisema, na ukuta wa matete hauzuii sauti. Bunduki watu hawakuziona. Walisikia neno moja tu, kwamba mtungi wa Nibitanga una sumu. Amewaeleza. Paroko naye amewaeleza. Wanaitikia, wanampa pole, na jioni wanakwenda kunywa kwa wengine.

"Mjomba, nisamehe."

"Umetuokolea nchi, Jeska. Nani angetuokolea kama si wewe?" Mzee aliangalia vile viti. "Lakini hiyo sumu ungeisema kwenye nyumba nyingine."

Jeska alikuwa amefundishwa kuingia nyumba za watu na kutoka bila kuacha alama, na hapa, kwenye nyumba pekee iliyokuwa yake, alikuwa ameacha hii. Iliuma, na alijua itaendelea kuuma.

Mzee aliinama, akavuta mrija, akameza mbele ya macho yake, kama inavyotakiwa. Kisha akampa yeye.

Alikunywa. Walikunywa wawili, mtungi wa watu ishirini, mpaka giza likaanza kuingia uani, na haukupungua hata nusu.

Simu ilitetemeka.

"Uko wapi?" Ngollo aliuliza.

"Nyumbani."

"Kuna mzigo umevuka Kigoma. Unaweza kuondoka lini?"

Jeska alimuaga mjomba, akavaa helmeti, akasukuma Boxer hadi njiani. Alipogeuka, mzee alikuwa anaviinua viti kimoja kimoja na kuviingiza ndani.

"Nimeshaondoka," alisema, akapiga kiki.