Raba za Kwenda Ufukoni

Kila asubuhi kabla ya shule, Mama Mawimbi alifagia vipande vya ngozi katika kibanda cha baba yake, fundi viatu, huku akiuliza swali lile lile: tunakwenda lini? Alikuwa na miaka kumi na miwili, hana mume wala mtoto. Jina hilo alibandikwa na wenzake darasani, kwa sababu kila mazungumzo, hata ya hesabu za sehemu, yeye aliyafikisha baharini.

Wa kulaumiwa ni mjomba wake, dereva wa lori la kokoto. Ndiye aliyemsimulia kwamba barabara anayoimwagia kokoto inaishia porini, na ukitembea saa mbili kutoka hapo unakuta ufuko usio na nyumba wala kibanda, mchanga mtupu. Tangu siku ile roho ya msichana ilihamia huko, ikauacha mwili peke yake darasani.

Safari iliahirishwa mara mbili, zote kwa ajili ya viatu vya wateja. Mwishowe ikapangwa Jumapili. Jumamosi, baba alimuuliza kama raba zake bado zinamtosha. Humo ndani vidole vilikuwa vimejikunja kama watu sita chini ya mwavuli mmoja. Lakini aliwaza kwamba akisema zinabana, baba ataketi kuzishughulikia, na safari itaota mbawa. Akajibu kwamba zinamtosha, tena zinapwaya.

Asubuhi mjomba aliwashusha mwisho wa barabara, akaegesha lori kivulini kuwasubiri.

"Mkimkuta nyangumi msalimieni," alisema. "Mwambieni ningekuja, kazi zimenibana." Kisha akajinyoosha kitini na kufunika uso kwa kofia.

Njia ilikuwa ya mawe na miiba. Saa ya kwanza Mama Mawimbi alitangulia mbele kama mwenyeji. Saa ya pili alianza kuchechemea, na kila baba alipogeuka, alisimama akajifanya anatazama ndege. Baba alisema hajapata kuona mtoto anayependa ndege kiasi hicho.

Walipofika juu ya kilima, bahari ilijitokeza yote kwa mpigo. Mawimbi yalivunjika kule chini bila mtu wa kuyatazama. Msichana alipiga hatua mbili kuyaendea, akaketi chini.

Baba alimvua raba. Malengelenge yalikuwa yamepasuka na soksi imegandamana na damu. Aliingiza kidole kwenye ncha ya raba, akakuta hakuna nafasi.

"Zimeanza kukubana lini?"

"Tangu muhula uliopita, baba."

"Na jana ukaniambia zinapwaya."

"Niliogopa utaahirisha tena."

Baba alitoa kisu chake cha kazi mfukoni, akakata ncha za raba, akafungua na nyuma kwenye visigino. Hazikupita dakika tano. Mama Mawimbi alipoona vidole vyake vyote vimepata nafasi, machozi yalimtoka. Aliomba washuke sasa, kwa kuwa zinatosha. Baba alitikisa kichwa: kwa vidonda vile, nguvu iliyobaki ilikuwa ya kurudi kwenye lori tu.

"Kazi yenyewe ilikuwa hii tu, mwanangu. Ungeniambia jana, saa hizi ungekuwa umelowa hadi magotini. Na mimi nina kosa, nimekuzoesha kuambiwa kesho. Lakini siku nyingine ukiumia, sema jambo likiwa bado dogo. Ukilificha, linakua, halafu linakuchagulia pa kuishia."

Aliosha vidonda kwa maji ya kunywa, akavifunga kwa leso. Kisha akatandaza juu ya jiwe karatasi iliyofungia mkate, akatoa penseli na kumwambia akanyage, amchukue kipimo cha viatu vipya. Siku ya kwanza ya likizo, alisema, watarudi, na safari hii watakaosubiri ni wateja.

Mama Mawimbi alisimama, mguu mmoja juu ya karatasi, penseli ikimtekenya vidole, macho yakiwa kule chini, ambako wimbi lilipanda mchangani hadi pale ambapo angesimama yeye, kisha likarudi.